Nikeli tatu zilizogeuka moja moja: poda iliyokunywa maji Arusha

Poda ya nikeli iliyotengenezwa Arusha ilitumwa nje ya nchi kupimwa usumaku, na grafu iliyorudi kutoka kwa wenyeji wa maabara hiyo ilikuwa na mstari mmoja wa kutazama: χT (wepesi wa kusumakika, χ, mara halijoto, T) dhidi ya halijoto, kuanzia kelvini 300 hadi 2. Mstari huo ulitakiwa kupanda. Badala yake ulinyooka kama uwanda hadi karibu kelvini 10, kisha ukaporomoka. Mwanafunzi aliyetengeneza sampuli alipitisha modeli ya nikeli tatu juu ya data, ikakaa vizuri kabisa, naye akaandika kwamba spini za nikeli jirani, yaani visumaku vidogo vya elektroni zake, zinapingana, J ikiwa karibu −0.4 cm⁻¹. (J ni nguvu ya spini kuelewana: chanya huelekea upande mmoja, hasi hupingana.) Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba ndani ya kile kichupa hapakuwa na nikeli tatu zilizoshikana, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Kiwanja chenyewe ni nikeli asetilasetonati isiyo na maji. Wengi huiandika Ni(acac)₂, lakini katika fuwele ni [Ni(acac)₂]₃. Nikeli inataka oksijeni sita kuizunguka na ligandi mbili za acac (asetilasetonati, molekuli zinazoishika nikeli) zina nne tu, basi molekuli tatu huazimana oksijeni na kuwa utatu mmoja. Bullen, Mason na Peter Pauling walichapisha muundo wake kamili mwaka 1965 kwa eksirei: nikeli tatu kwenye mstari mmoja, kila moja ndani ya oktahedra (umbo la pembe sita, kila pembe oksijeni), na oktahedra ya katikati imebandikwa uso kwa uso na mbili za pembeni. Kila uso wa pamoja una oksijeni tatu. Umbali kutoka nikeli hadi nikeli jirani ni karibu angstromu 2.9, na pembe ya nikeli, oksijeni, nikeli iko jirani ya digrii 90.

Pembe hiyo ndiyo roho ya usumaku wake. Nikeli yenye chaji mbili chanya ina elektroni nane za d, mbili kati yake zikiwa pweke, na obiti za hizo mbili zimeelekea moja kwa moja kwenye oksijeni. Daraja likikunjwa kwa digrii 90, obiti ya nikeli ya kushoto hukutana na obiti p moja ya oksijeni, na ya kulia hukutana na nyingine iliyo mraba nayo. Haziingiliani, kwa hiyo elektroni hazilazimiki kupingana, na spini huelekea upande mmoja. Ukiifungua pembe, mambo hugeuka. Kwa jozi za shaba zenye madaraja ya haidroksidi mgeuko hutokea karibu na digrii 97.5, na kwa nikeli nne zilizopangwa kama mchemraba na oksijeni nne, karibu na digrii 99. Kwenye asetilasetonati hatuko karibu na mpaka huo hata kidogo. Ginsberg, Martin na Sherwood walionyesha mwaka 1968 kwamba J kati ya majirani ni karibu +26 cm⁻¹ na kati ya nikeli mbili za ncha ni karibu −7, kwa kanuni ya kuandika −2J. Wa ncha wanapingana kidogo, wa karibu wanavutana kwa nguvu zaidi, na mshindi katika baridi ni S = 3 (S ni jumla ya spini, nusu kwa kila elektroni), elektroni zote sita pweke upande mmoja. Momenti (ukubwa wa usumaku, kwa magnetoni za Bohr) kwa kila nikeli hupanda kutoka karibu 3.2 kwenye joto la chumba hadi 4.1 kwenye kelvini 4.3.

Kwa hiyo J ya −0.4 kati ya majirani si ugunduzi mdogo. Ingekuwa kweli, ingebidi madaraja yote sita ya oksijeni yawe yamefunguka. Msimamizi aliyesoma rasimu aliweka alama ya kuuliza hapo na kurudisha karatasi.

Sampuli ilivyotengenezwa

Maandalizi yalikuwa ya kawaida na yaliandikwa vizuri daftarini, jambo lililookoa kazi baadaye. Gramu 11.9 za nikeli kloridi yenye maji sita ziliyeyushwa kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu, zikaongezwa mililita 10.3 za asetilasetoni, kisha gramu 13.6 za sodiamu asetati yenye maji matatu iliyoyeyushwa pembeni na kumiminwa polepole. Ilikorogwa saa moja kwenye nyuzi 60. Ikatulia poda ya kijani mpauko yenye kubeba samawati: hiyo ni haidreti (kiwanja chenye maji), Ni(acac)₂(H₂O)₂, nikeli moja, acac mbili, na molekuli mbili za maji zikiziba nafasi mbili zilizobaki. Hakuna haja ya kuazimana oksijeni, kwa hiyo hakuna utatu.

Kuitoa hiyo maji ndiko kunakozaa utatu. Gramu 10.0 za poda kavu ziliingizwa kwenye mililita 150 za tolueni na kuchemshwa chini ya mtego wa Dean na Stark, kifaa cha kioo kinachokusanya maji yanayotoka pamoja na mvuke wa tolueni. Hesabu ni nyepesi: moli moja ya haidreti ina gramu 292.94, na 36.03 kati yake ni maji, yaani asilimia 12.3. Gramu 10 zitatoa mililita 1.23. Mtego ulionyesha 1.2 baada ya saa tatu. Anayefuata maelekezo yaliyoandikiwa usawa wa bahari asishangae muda huo kurefuka: Arusha iko karibu mita 1,400 juu, tolueni inachemka kwenye nyuzi kama 105 badala ya 110.6. Mwisho wa kazi hauonyeshwi na saa ya ukutani bali na matone kukoma mtegoni na mchanganyiko kugeuka kijani kibichi kilichokolea, bila ukungu.

Ulichujwa ukiwa moto, ukapozwa, fuwele zikakaushwa kwa pampu ya ombwe: gramu 6.9 za kijani cha zumaridi. Siku ileile sehemu ndogo ilipondwa kidogo, ikashindiliwa kwenye mrija wa mizani ya sumaku, na momenti ikatoka 3.2. Daftari limewekwa alama ya vema hapo. Gramu mbili za fuwele nzima zilibaki kwenye desiketa, chombo kinachofungwa cha kutunzia vitu vikavu. Zilizosalia zilisagwa kwa kinu na mchi, Ijumaa jioni, mwezi wa masika, zikaachwa kwenye sahani ya saa zikiwa zimefunikwa karatasi ya chujio hadi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi fundi wa maabara alipita na kuuliza, “Kijana, mbona dawa yako imepauka?” Jibu lilikuwa, “Ukisaga kitu chochote kinapauka, mzee.” Na hilo ni kweli. Ndiyo maana rangi ilishindwa kuwa shahidi: chembe ndogo hutawanya mwanga zaidi, na kijani chochote huonekana chepesi baada ya mchi. Tofauti ya kutazama haikuwa wepesi wa rangi bali samawati iliyoingia ndani yake. Ukiweka poda ya haidreti ya kwanza kando ya ile ya Jumatatu kwenye kigae cheupe, unaona mara moja. Hakuna aliyeziweka pamoja.

Kwa nini 3.2 haikuthibitisha kitu

Nikeli moja yenye oksijeni sita, g yake (kizidisho kinachounganisha spini na usumaku) ikiwa 2.2, ina momenti 3.1. Utatu kwenye joto la chumba una 3.2 hadi 3.3, kwa sababu nishati ya joto kwenye kelvini 300 ni karibu 208 cm⁻¹ na ngazi za spini zote zimejaa kwa kiasi. Mizani ya sumaku, kwa mrija ulioshindiliwa na mkono wa mwanafunzi, hukosea kwa asilimia chache. Tofauti unayotafuta inalingana na kosa lenyewe. Kipimo kilikuwa sahihi na sampuli ya siku ile ilikuwa sahihi pia, lakini ile namba ingetoka karibu vilevile hata kama kwenye mrija kungekuwa na haidreti tupu. Anayependa kupima kwa NMR kwenye myeyusho akumbuke mtego mwingine: pridini au methanoli huuvunja utatu papo hapo, kwa hiyo kiyeyushi kiwe kisichoshika nikeli, na kiwe kikavu.

Kuwaondoa washukiwa

Thamani za grafu zilikuwa hizi, kwa hesabu ya nikeli tatu: χT 3.21 kwenye kelvini 300, 3.15 kwenye 10, na 2.1 kwenye 2. Utatu halisi ulitakiwa kuanza karibu na 3.9 na kukaribia 6.3 penye kelvini 4. Kabla ya kuangalia baridi, tazama upande wa joto: kuna pengo la 0.7 hivi kwenye kelvini 300, mahali ambapo J ndogo haina la kusema. Watu wengi hukimbilia mkia wa grafu kwa sababu ndiko kwenye mchezo. Kwenye kisa hiki jibu lilikuwa upande ambao hauvutii.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa marekebisho ya daiamagneti (usumaku hasi mdogo wa elektroni zilizo jozi, unaopaswa kuondolewa kwenye kipimo), ambayo wanafunzi husahau au huyaweka kwa alama isiyo sahihi. Kwa thamani za majedwali ya Pascal, acac ni −52 na nikeli −12, zote mara 10⁻⁶. Jumla −116 kwa kila nikeli. Kwa nikeli tatu kwenye kelvini 300 hiyo ni kama 0.10 ya χT. Hata yangesahaulika yote, pengo lingebaki 0.6. Na hayakusahaulika.

Wa pili alikuwa uchafu wa chuma, kutoka kijiko cha kuchotea au nikeli yenyewe ikiwa metali. Huyu huondolewa kwa dakika kumi: pima χ kwenye kelvini 300 kwa nguvu za sumaku mbili au tatu tofauti. Ikishuka nguvu inapoongezeka, kuna metali. Haikushuka. Isitoshe, metali ingepandisha χT, si kuishusha.

Wa tatu, punje kugeuka ndani ya kapsuli na kufuata sumaku. Nayo hupandisha, na huonekana kama mruko, si mteremko laini.

Ikabaki masi. Kwenye χT kuna kugawanya kwa gramu na kuzidisha kwa masi ya moli, na programu ilipewa 256.91 kwa kila nikeli. Kama poda ilikuwa haidreti, kila namba ya wima kwenye grafu imepunguzwa kwa uwiano wa 256.91 na 292.94, yaani 0.877. Gawanya 3.21 kwa 0.877 unapata 3.66, hizo ni nikeli tatu huru zenye g ya 2.21, ya kawaida kabisa kwa oktahedra ya oksijeni. Modeli ya mwanafunzi ilikuwa imetoa g ya 2.07. Peke yake 2.07 haimfungi mtu, maana mfungamano wa namba ndani ya modeli huweza kuisukuma huku na huku. Lakini g inayolala chini pamoja na χT ya joto iliyopungua kwa zaidi ya moja ya kumi ni harufu ya masi isiyo sahihi, na kitu cha kwanza kunusa ni maji.

Mkia wa baridi sasa unaeleweka bila J yoyote. Nikeli moja ya oktahedra iliyopotoka kidogo ina mgawanyiko wa ngazi zake pasipo sumaku, D, wa cm⁻¹ chache. D ya 4 hivi inashusha χT hadi karibu theluthi mbili ya thamani yake kwenye kelvini 2 na haionekani kabisa juu ya 20. J ndogo hasi hufanya umbo hilohilo. Ndiyo maana modeli isiyo sahihi iliingia bila malalamiko: grafu moja ya poda haiwezi kutenganisha hizo mbili. Usikimbilie kilele cha usumaku kwenye kelvini 2 (sumaku ikiongezwa hadi spini zote zielekee upande mmoja) kutafuta hukumu, kwani S = 3 moja na S = 1 tatu hufikia kilele kilekile; tofauti iko kwenye kasi ya kupanda, si kwenye kimo.

Maji yaliingia wapi

Hapa pana jambo ambalo hupitwa. Maji yangeweza kuingia sehemu tatu: kwenye kinu na sahani Arusha, njiani ndani ya kichupa, au ndani ya kapsuli ya jelatini kwenye maabara ya wenyeji. Kapsuli zinastahili kushukiwa. Jelatini hubeba maji kama asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake, kwa hiyo kapsuli ya miligramu 40 ina miligramu 5 hadi 6 za maji, wakati miligramu 30 za utatu zinahitaji 4.2 tu kugeuka haidreti yote.

Lakini g inaisafisha kapsuli. Wenyeji walipima uzito kwanza, miligramu 30.6, kisha wakafunga. Kama poda ingekuwa kavu kwenye mizani na kulowa baadaye, idadi ya moli za nikeli ingekuwa sahihi na g ingetoka 2.21. Kushuka kwake kunasema maji yalikuwa yamo tayari mizani iliposomwa.

Kati ya kinu na njia, aliyeamua ni mabaki. Kwa bahati sehemu ya poda ya Jumatatu ilibaki Arusha kwenye mrija wenye kizibo kizuri. Gramu 0.500 ziliwekwa kwenye ombwe kwa nyuzi 80 kwa saa nne: zilipungua miligramu 60, asilimia 12.0, dhidi ya 12.3 ya haidreti kamili. Fuwele nzima za desiketa, kwa jaribio lilelile, zilipungua asilimia 0.4. Njia haikuhusika. Kazi yote ilifanywa na wikendi moja kwenye sahani. Chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 80 kina kama gramu 14 za maji kwa kila mita ya ujazo, na karatasi ya chujio huzuia vumbi, haizuii mvuke. Fuwele hulowa juu tu. Poda haina “juu”, yote ni uso. (Jaribio hili lisipandishwe joto sana. Kiwanja kikavu chenyewe hupaa kwenye ombwe ukikizidishia moto, na utahesabu nikeli kama maji.)

Ushahidi ulikuwepo hata kabla ya sampuli kutumwa. Wigo wa infraredi wa Jumatatu ulikuwa na mkanda mpana karibu na 3400 cm⁻¹, na pembeni yake penseli imeandika “KBr”. Kwamba potasiamu bromidi hunywa maji ni kweli, na kwa sababu hiyo kisingizio hiki hakipimiki. Kipimo cha maji kwenye kiwanja cha namna hii kifanyike kwa poda iliyochanganywa na mafuta ya nujoli, na pembeni uwe na wigo wa haidreti ya makusudi wa kulinganisha.

Marudio

Mara ya pili fuwele za desiketa hazikusagwa hadi siku ya kufunga. Kinu, mchi, vichupa na kijiko cha plastiki vilikaa kwenye tanuri nyuzi 110 usiku kucha, vikapozwa ndani ya desiketa. Kusaga kulifanyika ndani ya mfuko mzito wa plastiki angavu uliofungiwa bomba la mpira la nitrojeni. Mfuko ulijazwa na kukamuliwa mara tano kabla ya kufungua fuwele. Poda iliingia kwenye mirija ya kioo iliyonyongwa kwa moto, kila mmoja na miligramu zake zimeandikwa, ili wenyeji wasihitaji kupima kwenye hewa. Vipande viwili vya ziada vilibaki Arusha: kimoja cha kupima upungufu wa uzito, kimoja cha akiba. Kapsuli zilikaushwa siku mbili juu ya silika jeli, si zaidi, maana jelatini iliyokauka mno hupasuka ukiibana.

Pampu ya ombwe ilihitaji mwangalizi. Umeme ukikatika huku bomba liko wazi, hewa ya chumba hurudi kupitia pampu na kuingia kwenye chupa ya moto, pengine na mafuta. Funga vali kwanza, kisha ujaze nitrojeni, ndipo uzime au uache umeme uzimike wenyewe. Na chupa iliyotoka kwenye friji isifunguliwe hadi ifikie joto la chumba. Poda za nikeli zenyewe hazitakiwi mapafuni wala kwenye ngozi, kwa hiyo mfuko ulifanya kazi mbili.

Upungufu wa uzito wa poda mpya ulikuwa asilimia 0.5. Grafu ilianza 3.9 kwenye kelvini 300, ikafika karibu 5 kwenye 80, ikapanda hadi 6.3 kwenye 8, kisha ikainama kidogo chini ya kelvini 5, kazi ya D ya S = 3. Modeli yenye J mbili iliyakubali majirani chanya na ncha hasi. Thamani za J hazikuchapishwa na desimali tatu, kwa kuwa asilimia 0.5 ya maji bado ni kama asilimia 4 ya nikeli zikiwa nje ya utatu, na hizo huvuta grafu chini hasa pale penye baridi ambapo J ya ncha inasomwa. Ziliongezwa kwenye modeli kama sehemu ya nikeli moja moja, kiasi kikifungwa kwenye uzito uliopimwa badala ya kuachwa kielee.

Poda ya wikendi haikutupwa. Gramu 4.6 zilizobaki zilirudishwa kwenye tolueni chini ya mtego uleule, zikatoa mililita 0.57 za maji na kurudi zumaridi.